Yehoshafati Mbele ya Rafiki Mwenye Nguvu



Juma hili nawaomba tufungue Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 22, ambayo wengi wetu huipita haraka kwa kuwa imejaa majina ya vita na ya wafalme. Humo tunamkuta Yehoshafati, mfalme wa Yuda, akiwa mgeni wa Ahabu, mfalme wa Israeli. Yuda ulikuwa ufalme mdogo, Israeli mkubwa, na nyumba zao mbili zilikuwa zimeunganishwa kwa ndoa. Ahabu anataka kuutwaa mji wa Ramothi-Gileadi kutoka mikononi mwa Waaramu, naye anamwuliza mgeni wake kama atakwenda naye vitani. Yehoshafati anajibu papo hapo kwamba yeye na Ahabu ni kitu kimoja, kwamba watu wake ni watu wa Ahabu na farasi wake ni farasi wa Ahabu. Baada ya kutoa ahadi hiyo ndipo anapokumbuka kwamba ingefaa kwanza kumwuliza Bwana.

Tuutazame vema mpangilio huo. Ahadi imetangulia, dhamiri imekuja nyuma. Wanaletwa manabii mia nne, wote wanasema mfalme apande, atashinda. Yehoshafati, ambaye hakuwa mtu mbaya, anahisi kuna kasoro, akauliza kama hakuna nabii mwingine. Yupo mmoja, Mikaya mwana wa Imla, ambaye Ahabu anamchukia kwa sababu hamtabirii mema. Mikaya anaitwa, anasema ukweli kwamba vita hivyo ni maangamizi, anapigwa kofi na kutupwa gerezani. Na Yehoshafati, aliyeomba mwenyewe ukweli huo usemwe, anafanya nini? Maandiko hayatuambii kwamba alifungua kinywa. Yanatuambia tu kwamba alipanda pamoja na Ahabu kwenda Ramothi-Gileadi.

Nimeichukua sura hii kwa sababu ya swali ambalo kijana mmoja aliniuliza hivi karibuni baada ya Misa, swali ambalo sikuweza kulijibu nikiwa nimesimama mlangoni mwa kanisa. Aliuliza hivi: taifa dogo lililo na urafiki na taifa kubwa, je, lina wajibu wa kulipinga taifa hilo kubwa linapokosea katika mambo yake na mataifa mengine? Au busara ni kunyamaza, kwani wahenga walisema mwenye nguvu mpishe? Nilimwahidi kwamba ningemjibu hapa.

Mfano ulio wazi zaidi katika nyakati zetu ni ule wa Uingereza na Marekani katika vita vya Iraki. Tarehe 28 Julai 2002, miezi minane kabla ya vita, Waziri Mkuu Tony Blair alimwandikia Rais George W. Bush barua ya siri. Barua hiyo, iliyowekwa hadharani mwaka 2016, ilianza kwa ahadi kwamba angekuwa pamoja naye kwa vyovyote vile. Ni haki kuongeza kwamba baada ya sentensi hiyo aliyataja matatizo mengi ambayo ilipasa yatazamwe kwanza. Lakini mwenye kusoma Kitabu cha Wafalme hawezi kuacha kumsikia Yehoshafati. Ahadi ilitangulia, masharti yakafuata. Na mwenye nguvu akishapewa ahadi, masharti yanayokuja nyuma yake huyasikia kama ushauri tu, ambao anaweza kuupokea au kuuacha.

Sipendi kumhukumu mtu, na hasa huyu ambaye tangu Desemba 2007, alipopokewa katika Kanisa Katoliki, ni ndugu yetu wa imani moja. Kwa hiyo nitaieleza hoja yake kwa uaminifu kadiri niwezavyo, kwa maana ilikuwa hoja ya mtu mwenye akili. Yeye aliamini kwamba mdogo humwongoza mkubwa akiwa ndani ya chumba na si akiwa nje barabarani. Aliamini kwamba ukimwunga mkono rafiki hadharani, utapata nafasi ya kumrekebisha faraghani. Na hakukosa kabisa mafanikio: alikuwa miongoni mwa waliomshawishi Rais Bush kupitia Umoja wa Mataifa, na tarehe 8 Novemba 2002 wajumbe wote 15 wa Baraza la Usalama walipitisha azimio namba 1441, wakaguzi wa silaha wakarudi Iraki. Zaidi ya hayo, Saddam Hussein alikuwa dhalimu kweli. Watu wa Halabja, waliouawa kwa gesi ya sumu mwaka 1988, hawakubuniwa na mtu yeyote.

Hoja hiyo basi ina uzito. Udhaifu wake ulionekana saa ya uamuzi ilipofika. Wakaguzi walikuwa bado kazini, Baraza la Usalama lilikuwa limegawanyika, na Marekani haikutaka kungoja zaidi. Hapo ndipo rafiki mdogo alipohitaji neno moja tu, neno "hapana" au walau "bado", na hapo ndipo alipogundua kwamba alikuwa amekwisha kulitumia neno la kinyume chake. Ushauri wa mtu ambaye kila mmoja anajua atakuja tu, hata usipofuatwa, hauna nguvu ya kumzuia yeyote.

Walikuwapo akina Mikaya, na hawakuwa wachache. Robin Cook, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje kuanzia 1997 hadi 2001, alijiuzulu uwaziri tarehe 17 Machi 2003 akalieleza Bunge kwamba Iraki yaelekea haikuwa na silaha za maangamizi kwa maana ambayo watu huielewa. Wabunge wengine walisimama na kumpigia makofi, jambo lisilo la kawaida katika Bunge lile. Kesho yake, tarehe 18 Machi, wabunge 139 wa chama cha Waziri Mkuu mwenyewe waliunga mkono hoja iliyosema kwamba sababu ya vita ilikuwa haijathibitishwa. Vita vikapitishwa hata hivyo, kwa kura 412 dhidi ya 149. Silaha zile hazikuonekana kamwe.

Na Kanisa je? Mtakatifu Yohane Paulo II, ambaye wakati ule alikuwa mzee na mgonjwa, hakukaa kimya. Mwezi Januari 2003 aliwaambia mabalozi waliokusanyika Vatikano kwamba vita sikuzote ni kushindwa kwa wanadamu. Mwezi Februari alimtuma Kardinali Roger Etchegaray kwenda Baghdad, akampokea Tariq Aziz wa Iraki, na baada ya siku chache akampokea Bwana Blair mwenyewe. Tarehe 5 Machi, iliyokuwa Jumatano ya Majivu, mjumbe wake Kardinali Pio Laghi alikuwa Washington mbele ya Rais Bush akimsihi aiache njia hiyo. Baba Mtakatifu hakuwa adui wa Marekani. Nchi yake ya Polandi ilikuwa rafiki wa Marekani, na ilipeleka askari katika vita vile vile. Alisema alivyosema kwa sababu aliijua vita kwa macho yake tangu ujana wake, na kwa sababu mchungaji hatazami kwanza ni nani anayekwenda vitani, bali ni nani atakayezikwa.

Nao waliozikwa ni wengi. Uingereza ilipoteza wanajeshi 179. Tume iliyoongozwa na Sir John Chilcot, iliyotoa taarifa yake Julai 2016 baada ya kazi ya miaka saba, ilisema kwamba hadi kufikia mwaka 2009 Wairaki wasiopungua 150,000 walikuwa wamekufa, wengi wao raia, na kwamba yawezekana idadi ilikuwa kubwa zaidi sana. Wakristo wa Iraki, Wakaldayo na wengineo, ambao mababu zao wanasali katika lugha ya jamii moja na ile aliyoisema Bwana wetu, walikadiriwa kuwa zaidi ya milioni moja kabla ya vita, na leo wamebaki sehemu ndogo tu ya idadi ile. Askofu Mkuu Paulos Faraj Rahho wa Mosul alitekwa nyara Februari 2008 baada ya kuongoza Njia ya Msalaba, na mwezi uliofuata mwili wake ukapatikana. Tarehe 31 Oktoba 2010 watu wenye silaha waliingia wakati wa Misa katika Kanisa la Mama Yetu wa Wokovu, Baghdad, na zaidi ya watu 50 wakafa, mapadre wawili miongoni mwao. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Tume hiyo ilisema pia mambo mawili yanayogusa moja kwa moja swali la kijana wetu. Kwanza, vita vilianza kabla njia za amani hazijakwisha. Pili, Waziri Mkuu aliukadiria kupita kiasi uwezo wake wa kuyabadilisha maamuzi ya Marekani, hali urafiki wa nchi hizo mbili ungeweza kabisa kuubeba uzito wa kutokubaliana kwa kweli. Tulishike jambo hili la pili, kwa sababu ndilo linalopinga hofu iliyo kubwa kuliko zote, hofu ya kwamba ukimwambia mkubwa "hapana" utampoteza.

Historia inasema nini juu ya hofu hiyo? Mwaka 1956 Uingereza na Ufaransa zilipoivamia Misri kwa ajili ya mfereji wa Suez, ni Marekani ya Rais Eisenhower iliyozipinga, tena kwa kuibana sarafu ya Uingereza mpaka askari wakaondoka. Je, urafiki ulikufa? Miaka miwili baadaye, mwaka 1958, Marekani na Uingereza zilitia sahihi mkataba wa kushirikiana katika mambo ya silaha za nyuklia, siri kubwa kuliko zote walizokuwa nazo. Katika miaka ya 1960 Rais Johnson alitaka sana kuwaona askari wa Uingereza huko Vietnam, hata wachache. Waziri Mkuu Harold Wilson alikataa kuwapeleka. Rais alikasirika, lakini urafiki ukadumu, na vijana wengi wa Kiingereza wakazeeka nyumbani kwao. Na katika vita vile vya Iraki, Kanada, jirani anayegawana na Marekani mpaka mrefu kuliko mipaka yote duniani na kuitegemea katika biashara, ilitangaza tarehe 17 Machi 2003 kwa kinywa cha Waziri Mkuu Jean Chrétien kwamba haitashiriki. Siku ile ile Cook alikuwa akijiuzulu jijini London. Kanada haikuangamia, wala haikufukuzwa katika ushirika wa NATO.

Ufaransa nayo ilitukanwa. Katika mikahawa ya Baraza la Wawakilishi la Marekani, chipsi ambazo wao huziita za Kifaransa zilibadilishwa jina zikaitwa chipsi za uhuru. Baada ya miaka mitatu jina la zamani likarudi kimya kimya. Hasira nyingi za wakubwa zina umri wa chipsi: zimetoka jikoni zinachoma, baada ya muda zimepoa.

Hata hivyo, nisije nikawadanganya kwamba ukweli hauna gharama. Kwetu hapa tunao ushahidi wa gharama hiyo. Mwaka 1965 Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere alibanwa na Ujerumani Magharibi kwa sababu ya uwakilishi wa Ujerumani Mashariki jijini Dar es Salaam. Bonn ilipoondoa msaada wake wa kijeshi, Mwalimu aliwaambia wauondoe na ule mwingine. Mwezi Desemba mwaka huo huo alivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu haikuchukua hatua za kutosha dhidi ya serikali ya walowezi wachache ya Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa. Nchi ilikuwa na miaka minne tu ya uhuru na fedha hizo zilihitajika sana. Wapo waliosema wakati ule, na wapo wanaosema leo, kwamba hasara ile ilikuwa kubwa mno. Mkono mtupu haulambwi, husema. Mimi siwezi kupima kila shilingi iliyopotea. Lakini nawauliza ninyi: ni nani kati yetu leo angependa kusoma katika historia kwamba kiongozi wetu alinyamaza juu ya Rhodesia ili mkopo usizuiwe?

Jibu langu kwa kijana yule, basi, ni ndiyo, mdogo ana wajibu wa kusema. Wala wajibu huo hautoki katika kiburi wala katika kuwachukia wakubwa. Mtakatifu Yohane XXIII, katika waraka wake Amani Duniani wa mwaka 1963, alifundisha kwamba mataifa yote ni sawa kwa hadhi, kwa kuwa yameundwa na watu ambao wote ni sawa kwa hadhi. Ukubwa wa jeshi haumpi mtu haki ya kutokosolewa. Nayo Katekisimu inaweka masharti mazito kabla vita haijaweza kuitwa ya haki: madhara ya mshambuliaji yawe makubwa na ya hakika, njia nyingine zote ziwe zimeshindwa, pawe na tumaini la kweli la kufanikiwa, na vita visizae maovu makubwa kuliko yale vinavyotaka kuyaondoa. Kazi ya kuyapima masharti hayo wamekabidhiwa wenye dhamana ya mema ya wote. Lakini kila mwenye dhamana lazima ayapime mwenyewe. Mfalme wa Yuda hawezi kumwachia mfalme wa Israeli dhamiri yake, kama vile mimi siwezi kumtuma jirani akaungame kwa niaba yangu.

Namna ya kusema Bwana wetu ametufundisha katika Injili ya Mathayo, sura ya 18. Ndugu yako akikosa, nenda kwanza kwake, wewe na yeye peke yenu. Asiposikia, wachukue wengine pamoja nawe. Asiposikia tena, liambie kanisa. Kwa hiyo hoja ya Bwana Blair ya kusema faraghani haikuwa mbaya, ilikuwa hatua ya kwanza ya Injili. Kosa ni kuifanya hatua ya kwanza kuwa ya mwisho. Mtume Paulo, aliyejiita mdogo kuliko mitume wote, alimpinga Petro waziwazi kule Antiokia alipoona kwamba mwenendo wake unawagawa waamini. Petro alibaki kuwa Petro, na Paulo hakuacha kuwa katika ushirika naye. Hatua ya mwisho, maneno yakishindwa, ni kuuzuia mkono wako. Huwezi kumkataza mkubwa asiende, lakini una mamlaka kamili juu ya miguu yako mwenyewe.

Turudi kwa Yehoshafati. Huko vitani Ahabu alijibadilisha mavazi asitambulike, akamwambia rafiki yake avae mavazi yake ya kifalme. Adui walipoliona vazi hilo walidhani ndiye Ahabu, wakamwandama. Alinusurika kwa kupiga kelele. Mwenye nguvu alijificha, na aliyemfuata ndiye aliyewekwa shabaha. Hata hivyo Ahabu alipigwa na mshale uliorushwa bila kulenga, akafa jioni ile. Yehoshafati aliporudi nyumbani alikutana na Yehu mwana wa Hanani, aliyemkaripia kwa kumsaidia mtu mwovu, kisha akamwambia kwamba pamoja na hayo yameonekana mema ndani yake. Napenda haki iliyo katika maneno hayo. Wema wa moyo wa mfalme haukukanushwa, lakini haukumwondolea karipio.

Na linalosikitisha ni kwamba hakujifunza. Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 3, mwana wa Ahabu anamwalika katika vita vingine, na Yehoshafati anajibu karibu kwa maneno yale yale: mimi ni kama wewe, watu wangu ni watu wako. "Ndiyo" isiyo na masharti huwa mazoea, na mazoea hayavunjwi siku ya vita. Huvunjwa kabla, katika mambo madogo.

Ndiyo maana swali hili si la mawaziri peke yao. Ndugu zangu, ni mara ngapi katika halmashauri ya parokia nimetoa pendekezo, nikaona kwenye nyuso zenu kwamba hamkubaliani nami, na bado mkasema "Ndiyo, Baba Paroko"? Kisha nje, chini ya mwembe, ndipo nasikia mliyokuwa mkiyafikiri. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 212, inasema kwamba waamini wana haki, na nyakati nyingine hata wajibu, wa kuwaeleza wachungaji wao maoni yao juu ya mema ya Kanisa, kwa heshima na kwa kuyajali manufaa ya wote. Mkininyamazia kwa heshima, mnaniacha niende Ramothi-Gileadi na manabii mia nne. Vivyo hivyo mke kwa mume, mfanyakazi kwa mwajiri, kijana kwa kiongozi wa jumuiya yake. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, na kama ni mpenzi wa Mungu, hawezi kuwa adui wa rafiki yake.

Juma hili, basi, kila mmoja wetu amtafute mtu mmoja mwenye nguvu kuliko yeye, ambaye amekuwa akimwitikia tu, na kwa upole amwambie neno moja la kweli ambalo amelificha. Na wale wenye nguvu kati yetu, nami nikiwamo, tuombe neema ya kutompiga Mikaya kofi atakapokuja.

Tuwaombee pia ndugu zetu Wakristo wa Iraki, waliobaki na waliotawanyika, pamoja na majirani zao Waislamu waliozika watoto wao katika vita vile vile. Bwana awape raha ya milele marehemu wao wote, na mwanga wa milele uwaangazie.

Mungu awabariki nyote.

Ni mimi Paroko wenu.